Kichocho Unguja na Pemba: Kutoka Wastani wa Kisiwa hadi Kijito Kimoja

Mada kwa semina ya maofisa afya wa wilaya, walimu wa afya shuleni na watafiti

1. Utangulizi



Nimeombwa nizungumzie utafiti na udhibiti wa magonjwa ya ukanda wa joto yasiyopewa kipaumbele. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ina magonjwa na makundi ya magonjwa 21, baada ya noma kuongezwa Desemba 2023, na yanawagusa watu zaidi ya bilioni moja. Nikijaribu kuyapitia yote katika kikao kimoja nitaishia kuyataja majina. Nimeona heri nichukue ugonjwa mmoja, kichocho cha mkojo, na mahali pamoja, visiwa vya Unguja na Pemba. Ni sehemu chache za Afrika ambako kichocho kimefuatiliwa kwa miaka mingi na kwa undani kama huku, na kwa sababu hiyo mambo yaliyojitokeza huku yanawafaa pia wenzetu wa Mwanza, Tanga, Kwale na Kilifi.

Hoja yangu ni moja. Kichocho kikiwa kingi ni ugonjwa wa kisiwa kizima, na dawa inayogawiwa kwa watu wote hukishusha kweli. Kikishashuka, kinageuka kuwa ugonjwa wa mahali: kijito hiki, bonde lile, bwawa lililo nyuma ya skuli fulani. Katika hatua hiyo takwimu za wastani, ambazo ndizo tunazozizoea katika ripoti zetu, hutupa moyo kuliko inavyostahili na hutufichia pale penye kazi. Utafiti wetu na mipango yetu sharti vifuate mahali.

2. Njia ya mnyoo

Wengi humu mnaijua njia ya kimelea hiki. Nitagusa yale tu yatakayohitajika mbele ya safari.

Minyoo aina ya Schistosoma haematobium huishi wawili wawili, dume na jike, katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Wastani wa maisha yao ni miaka kadhaa, na jike hutaga mayai kila siku. Sehemu ya mayai hayo hupenya ukuta wa kibofu na kutoka na mkojo, na ndipo mtoto anapokojoa damu. Yaliyobaki hunasa ndani ya mwili, na madhara makubwa ya ugonjwa hutokana na hayo: kibofu huwa na makovu, njia ya mkojo huziba, figo huharibika, na baada ya miaka mingi huweza kuja saratani ya kibofu.

Yai likifika kwenye maji baridi huanguliwa, na kiluwiluwi chake kina muda wa siku moja hivi kumpata konokono. Huku kwetu konokono huyo ni Bulinus globosus. Ndani yake kimelea huzaana kwa wiki kadhaa, na kiluwiluwi kimoja kilichoingia huweza kutoa vimelea maelfu vyenye mkia. Vimelea hivi hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, kuanzia kama saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana, na hupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Bahati mbaya ni saa zile zile ambazo watoto wametoka skuli au chuoni na kujitosa mtoni, na kina mama wamo kwenye maji wanafua.

Ramani ya ugonjwa inafuata ramani ya maji. Kusini mwa Unguja ardhi ni ya mawe ya matumbawe, maji ya mvua hunywea chini, na vijito ni adimu. Kichocho huko karibu hakipo. Kaskazini na katikati ya Unguja, maeneo kama Kinyasini, Chaani na Mwera, pana vijito, madimbwi na mabonde ya mpunga. Pemba, yenye vilima vingi na bonde baada ya bonde, ina maji ya namna hiyo karibu kila upande. Tangu mwanzo, basi, kichocho hakikuenea sawasawa. Wingi wake wa zamani ndio uliotufanya tusiuone utofauti huo.

3. Safari ya udhibiti hadi mwaka 2011

Miaka ya 1980 skuli nyingi za Pemba zilikuwa na maambukizi kwa zaidi ya nusu ya wanafunzi. Damu kwenye mkojo wa mvulana ilikuwa jambo la kawaida kiasi cha wazee wengine kuichukulia kama dalili ya kukua. Mpango wa udhibiti Pemba ulianza 1986, ukitumia kijiti cha kupimia damu kwenye mkojo na dawa ya prazikwanteli, iliyogunduliwa katika miaka ya 1970 na makampuni mawili ya Ujerumani, Bayer na Merck. Dawa hiyo ilibadilisha kila kitu. Dawa zilizotangulia zilikuwa na madhara mazito, na nyingine zilihitaji sindano nyingi. Hii humezwa mara moja, na mwalimu aliyefundishwa anaweza kuigawa.

Mwaka 2000 ilifunguliwa Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri huko Wawi, Chake Chake. Umuhimu wake hauko kwenye majengo. Maabara hiyo imewezesha sampuli za Pemba zisomwe Pemba, na wataalamu wa huku wawe washirika wa utafiti badala ya kuwa wabeba vikopo vya wageni. Mwaka uliofuata, 2001, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliweka lengo la kuwatibu angalau 75% ya watoto wa umri wa kwenda skuli walio katika maeneo yenye kichocho na minyoo ya tumbo. Kampeni za kingatiba maskulini zikashika kasi, pamoja na elimu, ikiwemo kitabu cha picha cha Juma na Kichocho kilichotumika katika skuli za msingi za Unguja. Muongo wa 2000 ulipomalizika, ugonjwa uliokuwa wa nusu ya darasa ulikuwa umebaki kwa watoto wachache katika skuli nyingi.

4. Jaribio la shehia 90

Mafanikio hayo ndiyo yaliyozaa swali kubwa: je, tunaweza kuvuka kutoka kupunguza ugonjwa hadi kukata kabisa maambukizi? Kuanzia 2011 na 2012 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, watafiti wa Pemba na Unguja, na washirika wao kutoka Uswisi, Uingereza na Marekani walianzisha mradi wenye malengo mawili. Pemba, kichocho kiondolewe kama tatizo la afya ya jamii ndani ya miaka mitatu. Unguja, maambukizi yakatwe ndani ya miaka mitano.

Walichagua shehia 90, yaani 45 kwa kila kisiwa, wakazigawa kwa bahati nasibu katika makundi matatu yenye idadi sawa. Kundi la kwanza lilipata kingatiba mara mbili kwa mwaka kwa jamii nzima, watu wazima pamoja na watoto. Kundi la pili lilipata kingatiba hiyo hiyo pamoja na dawa ya kuua konokono, niklosamidi, iliyopulizwa kwenye maji. Kundi la tatu lilipata kingatiba pamoja na kazi ya kubadilisha tabia, ambayo jamii zenyewe zilishiriki kuibuni: vyoo vya kukojolea, majukwaa ya kufulia ili mfuaji asisimame majini, michezo salama ya kumtoa mtoto mtoni, na walimu waliofundishwa kuwashirikisha watoto badala ya kuwahubiria.

Matokeo yalichapishwa 2019 katika jarida la Lancet Global Health. Kwa watoto wa miaka 9 hadi 12, maambukizi yalishuka kutoka takriban 6% mwaka 2012 hadi chini ya 2% mwaka 2017. Kwa watu wazima pia yalishuka. Lakini kati ya makundi yale matatu haikuonekana tofauti ya kutegemewa. Waliopuliziwa konokono na waliojengewa majukwaa ya kufulia hawakuwa bora, kwa hesabu za kitakwimu, kuliko waliopewa dawa peke yake. Na lengo la kukata maambukizi Unguja halikufikiwa.

5. Namna ya kuyasoma matokeo hayo

Nimewasikia wenzetu katika vikao vya mipango wakifupisha jaribio hili kwa sentensi moja: "Konokono na elimu havisaidii, tununue dawa." Sentensi hiyo ni rahisi kwa bajeti, lakini haitokani na ushahidi. Nina sababu tatu.

Ya kwanza: makundi yote matatu yalipata dawa mara mbili kwa mwaka. Jaribio liliuliza kama konokono na tabia vinaongeza kitu juu ya dawa nyingi kiasi hicho, mahali ambapo maambukizi yalikwisha kuwa machache tangu siku ya kwanza. Halikuuliza nini kitatokea siku dawa itakapopungua. Hayo ni maswali mawili tofauti, na linalotukabili sasa ni la pili.

Ya pili: shehia ni mpaka wa utawala, na maji hayaujui. Mtoto wa shehia iliyopuliziwa dawa huoga katika kijito cha shehia jirani, na mkulima ana kitalu cha mpunga ng'ambo. Ndani ya shehia yenyewe, maambukizi huweza kutoka katika dimbwi moja tu kati ya kumi. Ukizijumlisha nyumba zote ukagawanya, dimbwi lile linayeyuka ndani ya wastani. Kuna pia suala la konokono mwenyewe: baada ya kupuliziwa hurudi katika wiki chache, kwa kuwa wengine walikuwa wamejichimbia matopeni na wengine huletwa na mvua za masika na vuli. Upulizaji usiofuata majira ya maji hauna nguvu ya kudumu.

Ya tatu: historia ya nchi nyingine inakataa ufupisho huo. Japani iliitangaza aina yake ya kichocho kuwa imekwisha mwaka 1996, na mgonjwa mpya wa mwisho alikuwa amepatikana miaka ya 1970, kabla prazikwanteli haijaenea. Silaha zao kubwa zilikuwa kumpiga vita konokono na kuzijengea saruji kuta za mifereji ya mashamba. Moroko, iliyokuwa na kichocho cha mkojo kama chetu, haijapata maambukizi mapya ya ndani tangu katikati ya muongo wa 2000, baada ya kuchanganya utafutaji wa wagonjwa, tiba na udhibiti wa konokono mahali hasa palipokuwa na konokono. Nchi hizo zilizomaliza kazi ziliimalizia majini.

Kwa hiyo fundisho ninalolitoa katika shehia 90 ni hili: hatua zilizogawiwa kwa usawa juu ya eneo pana hazionyeshi faida pale ugonjwa unapokuwa umejikusanya mahali padogo. Hilo halisemi lolote dhidi ya hatua zenyewe zikielekezwa panapostahili.

6. Tunachokiona na kisichoonekana na vipimo vyetu

Tuangalie kipimo chenyewe. Mwanafunzi hupewa kikopo saa za katikati ya mchana, kwa sababu mayai hutoka zaidi wakati huo. Sampuli hutikiswa, hunyonywa mililita 10 kwa bomba la sindano na kusukumwa kupitia kichujio chembamba. Kichujio huwekwa kwenye kioo chini ya hadubini, na mtaalamu huhesabu mayai, ambayo hujulikana kwa mwiba ulioko mwishoni. Mayai 50 au zaidi katika mililita 10 huitwa maambukizi makali. Ni kazi nzuri, ya bei nafuu, na kwa ugonjwa mwingi inatosha kabisa.

Tatizo huja ugonjwa unapokuwa mwepesi. Mtoto mwenye jozi moja au mbili za minyoo leo atatoa mayai matatu, kesho hatatoa hata moja. Akipimwa kesho anaandikwa mzima, anarudi mtoni, na baada ya siku chache anatoa tena mayai. Watafiti waliolinganisha hadubini na kipimo cha chembechembe za mnyoo mwenyewe, kilichobuniwa Leiden, Uholanzi, kwa sampuli za Zanzibar, waligundua kwamba hadubini huwaacha wagonjwa wengi. Maana yake ni kwamba ile 2% tunayoiandika kwenye ripoti ni sakafu ya ukweli, na dari yake iko juu zaidi.

Upande wa konokono ugumu ni wa aina nyingine. Mafundi wawili huingia kijitoni wakiwa na buti za mpira na wavu wenye mpini mrefu, huokota kwa muda uliopangwa, kisha kila konokono huwekwa peke yake katika kitundu cha maji safi kwenye mwanga ili ionekane kama atatoa vimelea. Katika eneo lenye ugonjwa kidogo, wanaotoa ni wachache mno, na unaweza kuokota mamia usimpate hata mmoja. Tena ukimpata, huna uhakika bado. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2018 ulionyesha kuwa baadhi ya Bulinus globosus wa Pemba walibeba Schistosoma bovis, kichocho cha ng'ombe, na ng'ombe wanaoletwa kutoka bara wanashukiwa kuwa ndio chanzo. Kwa macho, vimelea hivyo vinafanana na vile vya binadamu. Fundi asiye na kipimo cha vinasaba anaweza kutangaza kijito kuwa hatari kwa watu kumbe hatari yake ni kwa mifugo. Na konokono wa ukoo huo huo, Bulinus nasutus, anayefanana mno na globosus, hakuonekana kuambukiza kichocho cha watu hapa visiwani. Ndiyo maana udhibiti wa hatua ya mwisho hauwezi kutenganishwa na maabara.

7. Wanaoachwa nje ya hesabu

Makundi matatu yanakosekana mara kwa mara katika kingatiba ya maskulini.

La kwanza ni watoto wadogo. Prazikwanteli hupimwa kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo, lakini uwanjani tunatumia fimbo ya kupimia urefu. Fimbo iliyozoeleka inaanzia sentimita 94. Mtoto aliye chini ya alama hiyo hurudishwa nyumbani bila dawa, ingawa mama yake humwogesha katika kijito kile kile. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 umeteremsha umri wa kutibiwa hadi miaka miwili, na sasa ipo aina mpya ya dawa, aprazikwanteli, kwa watoto wa kuanzia miezi mitatu hadi miaka sita. Ilifanyiwa majaribio Kenya na Ivory Coast, ikapata maoni mazuri ya wakala wa dawa wa Ulaya mwishoni mwa 2023. Tusisubiri iletwe ndipo tuanze kufikiri itagawiwa vipi. Kliniki ya mama na mtoto ndiyo njia yake ya asili.

La pili ni wanawake. Mayai ya mnyoo hunasa pia katika shingo ya kizazi na ukeni. Mwanamke hupata maumivu, muwasho, damu isiyo ya siku zake, wakati mwingine ugumba. Inakadiriwa kuwa wanawake wapatao milioni 56 barani Afrika wanaishi na hali hii. Utafiti wa vijijini Zimbabwe uliochapishwa 2006 uliwakuta wanawake wenye dalili hizo wakiwa na VVU karibu mara tatu zaidi ya wenzao. Tafiti za baadaye hazikuafikiana zote, lakini hakuna anayedai kwamba jeraha la ukeni ni jambo dogo. Kinachoumiza zaidi ni kinachotokea kwenye chumba cha daktari. Mwanamke hueleza dalili zake, huandikiwa dawa za magonjwa ya zinaa, na hurudi nyumbani na cheti kinachoweza kuvunja ndoa, kumbe alipata ugonjwa akiwa na miaka tisa, anachota maji. Dawa huua mnyoo, lakini haiondoi kovu. Kumtibu msichana mapema ni kumlinda mwanamke wa kesho.

La tatu ni wanaume wa makamo wanaokuwa mbali siku ya kampeni. Mvuvi yuko dago, mchumaji wa karafuu yuko kambini, na kama kampeni imepangwa mchana wa Ramadhani basi hata aliye nyumbani hatameza kidonge. Ripoti itaonyesha asilimia nzuri ya waliofikiwa, kwa sababu imehesabu vidonge vilivyotoka bohari. Watu hao wachache wasiofikiwa, mwaka baada ya mwaka, hutosha kulisha konokono wa kijito kizima.

8. Baada ya 2017: dawa iliposita

Mwongozo wa 2022 unashauri kingatiba ya kila mwaka mahali ambapo maambukizi ni 10% au zaidi. Chini ya hapo unaziachia nchi nafasi ya kuamua: kuendelea na dawa, ikibidi kwa vipindi virefu zaidi, au kupima na kutibu. Sehemu kubwa ya visiwa hivi iko chini ya 10%. Na kwa kigezo cha dunia cha kuondoa kichocho kama tatizo la afya ya jamii, yaani maambukizi makali yawe chini ya 1%, shehia nyingi zimekwisha kukitimiza. Ripoti ikisomwa kwa haraka, mtu atadhani tumefika.

Kilichotokea mradi ulipokwisha kinatuonya. Kingatiba iliposita kwa zaidi ya mwaka, baadhi ya shehia za Pemba ziliona maambukizi yakipanda upesi, huku nyingine zikibaki pale pale. Shehia zilizopanda ndizo ambazo kila mara zilikuwa zikisumbua. Hili halikutokea kwetu peke yetu. Tafiti za Kenya magharibi na za upande wa Mwanza, ambako kichocho ni cha tumbo, zilikuta vijiji ambavyo havishuki hata vikipewa dawa mwaka baada ya mwaka, ilhali majirani zao wanashuka.

Kuanzia 2020 hadi 2024, kaskazini mwa Pemba, watafiti walijaribu njia inayofuata mahali. Shehia 20 ziligawanywa kwa kiwango cha maambukizi. Zenye maambukizi zaidi ziliendelea kupata kingatiba, upulizaji wa konokono na kazi ya tabia. Zenye maambukizi kidogo ziliacha kugawa dawa kwa wote. Badala yake skuli zilipimwa, aliyekutwa na ugonjwa alitibiwa, kisha timu ikamfuata hadi nyumbani na hadi kwenye maji anayoyatumia, ikawapima jamaa zake na watu waliokutwa pale, na konokono wakashughulikiwa pale pale. Njia hii inadai watu, usafiri na maabara ya karibu. Lakini fedha inakwenda kule uliko mnyoo.

Suala la fedha halikwepeki. Kampuni ya Merck ya Ujerumani imeahidi kutoa bure hadi vidonge milioni 250 vya prazikwanteli kwa mwaka kupitia Shirika la Afya Duniani. Kidonge ni cha bure, lakini kukifikisha shehiani, kumlipa mgawaji posho, kununua niklosamidi na kujenga bomba la maji si bure. Sehemu kubwa ya gharama hizo barani Afrika ilibebwa na wafadhili. Uingereza ilikatisha mpango wake mkubwa mwaka 2021, na Marekani ikasimamisha wake mwanzoni mwa 2025. Programu inayotegemea kampeni kubwa za kila mwaka itaumia zaidi kwa ukata huo kuliko programu ambayo wilaya yenyewe inajua vijito vyake.

9. Mapendekezo

Moja. Kila wilaya iwe na daftari la maji, shehia kwa shehia: jina la kijito, dimbwi au bonde, nani hulitumia na kwa kazi gani, kama kuna konokono, na lini hukauka. Sheha na mwalimu wanayajua haya bila utafiti wowote. Kinachokosekana ni kuyaandika na kuyasasisha kila baada ya masika.

Mbili. Mtoto akikutwa na ugonjwa, aulizwe swali moja la ziada na jibu liandikwe: unaoga wapi? Majina ya vijito yanayojirudia katika majibu hayo ni ramani bora kuliko wastani wa shehia.

Tatu. Upulizaji wa konokono uelekezwe kwenye maji yaliyothibitishwa, kwa majira yake, na wakazi waarifiwe mapema. Niklosamidi huua samaki na vyura; mtu akikuta samaki wanaelea bila kuambiwa chochote, mwaka unaofuata hatakubali.

Nne. Vituo vya afya vimpime mwanamke yeyote mwenye dalili za ukeni kutoka eneo la kichocho, na daktari aulize historia ya maji kabla ya kuandika neno zinaa. Pale penye shaka na hakuna kipimo, prazikwanteli ni salama ya kutosha kutolewa.

Tano. Kalenda ya kingatiba ipangwe pamoja na wavuvi, wachumaji wa karafuu na viongozi wa dini, na ripoti zihesabu watu waliomeza, si vidonge vilivyotoka.

Sita. Takwimu za kichocho zipelekwe kwa Mamlaka ya Maji Zanzibar kila robo mwaka. Bomba likikauka wiki mbili, watu hurudi kijitoni, na hakuna somo la skuli litakalowazuia. Mpangaji wa maji anayejua kijito chenye ugonjwa anaweza kukipa kijiji hicho kipaumbele.

Saba. Anayechukua mkojo wa watu arudishe majibu. Jamii nyingi zimepimwa mara nyingi kuliko zilivyoelezwa matokeo. Kukataa kupimwa, kunakoripotiwa kama ujinga, mara nyingi ni hesabu ya mtu aliyetoa mara nne na hakupewa jibu hata mara moja.

10. Hitimisho na maswali ya majadiliano

Prazikwanteli imetufikisha mbali kuliko walivyotarajia waliouanza mpango wa Pemba mwaka 1986, na haitakuwa busara kuiacha. Lakini kumeza dawa na kurudi katika maji yale yale ni kazi isiyokwisha, na watu waliobaki na ugonjwa ni wale ambao wastani hauwaoni: mtoto aliye chini ya fimbo, mwanamke aliyepewa dawa isiyo yake, mvuvi aliye dago, na shehia ndogo iliyofichwa ndani ya wilaya nzuri.

Naomba vikundi vijadili maswali matatu. Katika wilaya yenu, mnaweza kuyataja kwa majina maji matano yanayotoa maambukizi mengi zaidi, na kama hamwezi, nani anaweza? Mkipewa mwaka ujao nusu ya fedha za mwaka huu, ni shehia zipi mtaendelea kugawa dawa kwa wote, na zipi mtapima na kumfuata aliyekutwa? Na nani, kwa cheo chake, atawajibika kupeleka taarifa ya kijito kwa mamlaka ya maji?

Kundi litakaloyajibu maswali haya kwa majina ya watu na ya mahali litakuwa limekwisha kuandika nusu ya mpango wake wa mwaka.